Mkazo Usiopimwa: Funzo la Meli ya Schenectady kwa Wanaochapisha Chuma

Usiku wa tarehe 16 Januari 1943, meli ya mafuta iitwayo Schenectady ilikuwa imefungwa gatini mjini Portland, jimbo la Oregon, Marekani. Ilikuwa mpya. Ilikamilika siku ya mwisho ya Desemba, na ndiyo kwanza ilikuwa imerudi kutoka kwenye majaribio yake. Hapakuwa na dhoruba wala wimbi, na adui hakuwa karibu. Maji yalikuwa na nyuzi 4 hivi za sentigredi na hewa ilikuwa chini ya sifuri. Mara ukatoka mshindo uliosikika umbali wa maili moja. Sitaha ilipasuka kutoka ubavu hadi ubavu, ufa ukateremka pande zote mbili mpaka karibu na mkuku, na meli yenye urefu wa zaidi ya mita 150 ikakunjika katikati, imeshikwa na mabamba ya chini tu. Omo na tezi zikaenda chini, kiuno kikainuka juu ya maji.

Wahandisi walipopiga hesabu ya mzigo uliokuwa juu ya sitaha usiku ule, walipata mkazo wa megapaskali 68 hivi. Chuma cha kawaida cha meli hustahimili zaidi ya mara tatu ya kiasi hicho kabla hakijaanza kulegea. Kwa hesabu ya mezani, Schenectady haikuwa na sababu ya kuvunjika. Lakini ilivunjika, na haikuwa peke yake. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa, na chuma kikikaa kimya kinaweza kuwa kimebeba jambo ambalo hesabu ya mzigo hailioni.

Jambo hilo ni mkazo masalia, yaani mkazo unaobaki ndani ya chuma baada ya kazi ya kukitengeneza kwisha. Meli za wakati ule wa vita zilichomelewa badala ya kupigwa ribiti, maana kuchomelea kulikwenda haraka. Mshono unapochomelewa huyeyuka, kisha hupoa na kutaka kusinyaa. Chuma baridi cha pembeni hakikubali kusogea. Mshono unakosa nafasi ya kusinyaa, basi unabaki unavuta, na chuma cha jirani kinabaki kimebanwa. Mvutano huo hauhitaji mzigo. Upo meli ikiwa imejaa na upo ikiwa tupu.

Baadhi ya wakaguzi wa mwanzo waliutaja mkazo huo uliofungiwa ndani kuwa miongoni mwa visababishi vya mkasa wa Portland. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1946, bodi ya uchunguzi ya serikali ya Marekani ilitoa ripoti yake ya mwisho. Ilikuwa imeangalia meli 4,694 zilizochomelewa. Kati ya hizo, 970 zilikuwa zimepata nyufa, na watu 26 walikuwa wamepoteza maisha kwa sababu ya nyufa hizo. Bodi ililaumu kona kali katika michoro, uchomeleaji mbaya, na chuma kinachopoteza uvumilivu wake kwenye baridi. Huko Cambridge, Uingereza, Constance Tipper alikuwa ameonyesha kwamba chuma kile kile kinachopinda vizuri kwenye joto huvunjika kwa ghafla joto likishuka. Kuhusu mkazo uliofungiwa ndani, bodi iliona kwamba haukuwa na mchango wa maana. Mshtakiwa akaachiwa huru.

Katikati ya miaka ya 1950 mhandisi Alan Wells, wa chama cha utafiti wa uchomeleaji cha Uingereza, aliamua kujaribu badala ya kubishana. Alichukua mabamba mapana ya chuma, akayakata mwanya mdogo kwenye kingo, akayachomelea ili mshono upite juu ya mwanya huo, kisha akayavuta kwenye baridi. Mabamba yalivunjika kwa mkazo mdogo sana, kama zilivyofanya meli. Akachukua mengine yaliyofanana na yale kwa kila kitu, ila haya aliyapasha moto kwanza ili kuondoa mkazo masalia. Hayo yalistahimili. Basi waliotangulia kuulaumu mkazo walikuwa na nusu ya ukweli, na waliouachia huru walikuwa na nusu nyingine. Mkazo masalia hauui peke yake. Unahitaji washirika: ufa au kasoro ya kuanzia, na chuma kisicho na uvumilivu wa kuuzuia ufa usikimbie. Wakikutana watatu hao, mzigo mdogo unatosha.

Kisa hiki kinawahusu moja kwa moja wanaotengeneza vifaa vya chuma kwa uchapishaji wa 3D. Kuchapisha chuma ni kuchomelea, na kuchomelea huko hufanyika maelfu ya mara mahali pamoja. Katika njia iliyoenea zaidi, mashine hutandaza unga wa chuma, tabaka lenye unene wa sehemu ndogo ya milimita, na leza hupita juu yake ikiyeyusha mistari inayotakiwa. Tabaka lingine linatandazwa, leza inapita tena. Kifaa chenye kimo cha milimita 50, kwa tabaka la milimita 0.04, kina matabaka 1,250, na kila tabaka lina mamia ya mistari ya kuyeyushwa. Njia nyingine hutumia waya na tao la umeme, mkono wa roboti ukichomelea mshono juu ya mshono. Daraja la waenda kwa miguu la kampuni ya MX3D, lililofunguliwa mjini Amsterdam mwezi Julai 2021, lilijengwa hivyo, kwa chuma kisichoshika kutu.

Tazama kinachotokea katika mstari mmoja tu. Chukua mstari wa chuma kisichoshika kutu, wenye urefu wa milimita 100, unaopoa kwa nyuzi 1,000 baada ya leza kupita. Ukiachwa huru utafupika kwa zaidi ya milimita moja na nusu. Lakini hauko huru, umeshikana na chuma baridi kilicho chini yake. Chuma hicho kinaweza kuvutwa kama robo ya milimita hivi na bado kikarudi kilipokuwa. Kiasi kinachozidi hapo hakina pa kwenda, kwa hiyo chuma kinalegea kikiwa bado cha moto na kunyooshwa kwa nguvu. Mwisho wa yote mstari unabaki umevutwa karibu na kikomo chake. Matabaka yote yakishakamilika, ngozi ya kifaa na sehemu yake ya juu huwa zinavuta, na moyo wake umebanwa. Hali hiyo watafiti Peter Mercelis na Jean-Pierre Kruth, wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, waliieleza vizuri katika makala yao ya mwaka 2006, na mafundi wa kuchapisha wanaitegemea mpaka leo.

Fundi wetu wa mageti analijua jambo hili kwa mikono yake. Hachomelei upande mmoja akaumaliza. Anashika kwanza pembe zote nne kwa nukta ndogo, anahama upande hadi upande, na fremu akiifunga kwenye meza haifungui ikiwa bado ya moto. Akipuuza hayo, geti litakataa kufunga. Mashine za leza zimefundishwa busara hiyohiyo: hugawa tabaka katika vipande vidogo na kuviyeyusha kwa kurukaruka, na hugeuza mwelekeo wa mistari katika kila tabaka, mara nyingi kwa nyuzi 67, ili mvuto usijikusanye upande mmoja. Hatua hizo zinasaidia, lakini haziuondoi mkazo.

Tofauti ni kwamba geti lililopinda linaonekana. Kifaa kilichochapishwa kinakua kikiwa kimeng'ang'ania bamba nene la chuma, na bamba hilo ndilo linalokizuia kisipinde. Kinatoka mashineni kimenyooka, vipimo vyake vyote sawa, kinang'aa. Anayekitazama anaridhika. Kisha kinapelekwa kukatwa kwenye bamba, na hapo siri inatoka.

Taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST, ililiweka jambo hili wazi katika mashindano yake ya mwaka 2018. Ilichapisha vidaraja vyenye urefu wa milimita 75, vilivyosimama juu ya safu ya miguu, vingine kwa chuma kisichoshika kutu cha aina ya 15-5 na vingine kwa aloi ya nikeli ya 625. Wataalamu wa hesabu za kompyuta waliombwa watabiri mkazo wa ndani, na watabiri kidaraja kitapinda kiasi gani miguu yake ikikatwa. Majibu yao yalitakiwa kabla vipimo havijatangazwa. Kisha miguu ikakatwa kwa waya unaokata kwa cheche za umeme, mmoja baada ya mwingine, mwisho mmoja ukaachwa umeshikwa. Kadiri waya ulivyosonga mbele, ndivyo upande uliokwisha kuachiwa ulivyoinuka juu. Hakuna aliyeusukuma, wala hakukuwa na mzigo wowote juu yake. Chuma kilijiinua chenyewe kwa nguvu iliyokuwa ndani yake tangu leza ya kwanza ilipopita.

Hapo kuna onyo kwa kila karakana. Kifaa kilichopinda baada ya kukatwa kimekupa hasara ya fedha, lakini kimekwambia ukweli. Kinachopaswa kuogopwa ni kile ambacho umbo lake nene halikukiruhusu kupinda, kikatoka kimenyooka huku mvuto wote umo ndani. Na washirika wale wa Schenectady hawako mbali. Chuma kilichochapishwa kinaweza kuwa na vitundu, na sehemu ambazo unga haukuyeyuka ukashikana sawasawa, nyembamba na zenye ncha kali. Uso wake ni wa mparuzo. Kila kimojawapo ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia. Ufa ukianzia katika ngozi inayovuta, mkazo masalia unausukuma mbele, na mzigo wa kazi, hasa ule unaokuja na kuondoka maelfu ya mara, unafanya mengine.

Basi dawa ni kupima. Lakini hata katika kupima mtu anaweza kujidanganya, na udanganyifu huo ni wa hatari zaidi, kwa sababu unakuja na tarakimu.

Njia inayopatikana kirahisi ni ya eksirei. Atomi za chuma zimejipanga kwa safu ndani ya fuwele zake, na mkazo wa kuvuta huzitenganisha safu hizo kidogo sana. Eksirei hurudi kwa pembe inayotegemea umbali huo, hivyo pembe ikipimwa, umbali unajulikana, na mkazo unakokotolewa. Shida ni kwamba eksirei za kawaida za maabara huingia kwenye chuma kwa mikroni chache tu, tuseme tano, yaani milimita moja iliyogawanywa mara 200. Sasa iangalie ngozi ya kifaa kilichotoka kwenye unga kwa darubini. Utaona punje za unga ambazo hazikuyeyuka vizuri, zimenata ubavuni, kila moja ikiwa na upana wa mikroni 20 hadi 40 hivi. Punje hiyo imekaa tu juu ya kifaa, haibebi mvuto wowote. Eksirei inaingia ndani ya punje, inakwisha humohumo, na inaleta habari kwamba mkazo ni mdogo. Mpimaji anaandika namba ya faraja, na mita ile imempimia vumbi. Dawa yake ni kuondoa ngozi hiyo kwanza kwa kemikali na umeme. Asiisage kwa jiwe, maana kusaga kunaweka mkazo mpya juu ya ule wa zamani.

Njia ya pili ni ya kutoboa tundu. Geji ndogo zinazohisi badiliko la urefu hubandikwa juu ya chuma, kisha tundu lenye upana wa milimita 2 hivi hutobolewa katikati yake hatua kwa hatua. Mkazo uliokuwa mahali pa tundu unaachia, chuma cha pembeni kinasogea kidogo, geji zinasoma. Ni njia nafuu, na karakana yenye vifaa vya wastani inaweza kuimudu. Lakini hesabu yake inachukulia kwamba chuma kinanyumbuka na kurudi tu. Mkazo masalia ukiwa karibu na kikomo cha chuma, na katika vifaa vilivyochapishwa mara nyingi ndivyo ulivyo, ukingo wa tundu unalegea na geji zinasoma zaidi ya ukweli. Tena tundu hilo linafika kama milimita moja tu ndani. Moyo wa kifaa haujaguswa.

Njia ya tatu, iliyobuniwa na Michael Prime wa maabara ya Los Alamos na kuchapishwa mwaka 2001, hukikata kifaa chote mara moja kwa waya wa cheche. Nyuso mbili zilizokatwa hazibaki bapa. Palipokuwa panavuta panabonyea, palipokuwa pamebanwa panatuna, kwa makumi ya mikroni. Mashine ya kupima maumbo inapita nukta kwa nukta juu ya nyuso hizo, na kompyuta inakokotoa ni mkazo gani ungezirudisha kuwa bapa. Unapata ramani ya mkazo wa uso wote uliokatwa, jambo ambalo tundu haliwezi kukupa. Malipo yake ni kwamba kifaa kimekwisha, kwamba karibu na kingo ramani haiaminiki sana, na kwamba kifaa kisipobanwa imara wakati wa kukata, waya wenyewe unaichafua habari uliyoifuata.

Njia ya nne ni nyutroni, zinazopenya sentimita kadhaa za chuma na kupima umbali wa safu za atomi ndani kabisa bila kukata kitu. Zinahitaji kituo kikubwa: ISIS karibu na Oxford, Laue-Langevin mjini Grenoble, Oak Ridge nchini Marekani. Barani kwetu, kinu cha SAFARI-1 kilichoko Pelindaba, Afrika Kusini, kina chombo cha kazi hiyo, kiitwacho MPISI. Mtafiti wa Nairobi au Dar es Salaam anayedhani kwamba kipimo hiki ni cha Ulaya na Marekani pekee, ajue kwamba kipo barani Afrika.

Katika nyutroni ndimo ulimojificha mtego ulio mbaya kuliko yote. Chombo kinakupa umbali wa safu za atomi ndani ya kifaa. Ili ujue safu hizo zimetanuliwa au zimebanwa, lazima uwe na umbali wa chuma hichohicho kikiwa hakina mkazo wowote. Wengi huuchukua kutoka kwenye unga uliotumika kuchapishia, au kwenye nondo ya chuma chenye jina hilohilo kutoka dukani. Lakini leza imekibadilisha chuma. Kimeyeyuka na kupoa kwa kasi, viambato vyake vimejipanga upya, na katika aina kama 15-5 uwiano wa aina za fuwele zake unaweza kuwa tofauti na wa chuma cha dukani. Umbali wake wa asili si ule tena.

Kosa hilo ni dogo kwa macho na kubwa kwa matokeo. Chuma kina ukakamavu wa gigapaskali 200 hivi. Ukikosea umbali wa kuanzia kwa sehemu moja tu katika elfu kumi, na kosa hilo likaingia katika pande zote tatu za kipimo, mkazo wako unahama kwa megapaskali 50 kila mahali. Ukikosea kwa sehemu nne katika elfu kumi, umezua au umefuta megapaskali 200. Kifaa chenye ngozi inayovuta kitatoka kwenye karatasi kikiwa kimebanwa salama, na grafu itakuwa nzuri, imenyooka, ina mistari midogo ya kuonyesha usahihi wa mashine. Usahihi wa mashine ni wa kweli. Kilichokosewa ni mahali pa kuanzia kuhesabu.

Njia ya kujikinga inajulikana. Chapisha kifaa pacha siku hiyohiyo, kwa unga huohuo na leza ileile. Kikate vipande vidogo sana, au kichane meno membamba kama chanuo, ili mkazo uachie, kisha pima hapo umbali wako wa kuanzia, na uupime mahali palepale utakapopima kwenye kifaa chenyewe, kwa sababu chini na juu ya kifaa hakulingani.

Na kuna mahakama moja ambayo haihongeki. Kifaa kisichoshikwa na kitu hakitembei chenyewe. Kwa hiyo ukikipasua kwa fikra mahali popote, nguvu zote zinazovuta katika uso huo lazima zisawazishwe na zinazobana, na jumla iwe sifuri. Jumlisha vipimo vyako. Ikiwa kila upande unavuta na hakuna panapobana, au kinyume chake, hukupima mkazo, umepima kosa lako. Hesabu hiyo haihitaji kinu cha nyutroni. Inahitaji daftari na uaminifu. Ripoti ya mkazo masalia isiyoonyesha usawa huo isipokelewe, hata ikiwa imetoka kwenye maabara yenye jina kubwa.

Mhandisi mwenye haraka atasema kwamba tanuri inamaliza matatizo yote. Tanuri ni rafiki wa kweli, na kanuni yake ya kwanza haina mjadala: kifaa kipashwe moto kikiwa bado juu ya bamba, kabla ya kukatwa. Lakini tanuri ina daraja zake. Kwa chuma cha aina ya 316L, joto la nyuzi 400 hupunguza sehemu ndogo tu ya mkazo. Inabidi ufike nyuzi 900 na zaidi ndipo mwingi uondoke, na hapo nguvu ambayo chuma kilipata kwa kuchapishwa nayo inashuka. Kila mmoja anachagua mahali pa kusimama kati ya hayo mawili, na chaguo hilo halina maana kama hakuna kipimo cha kabla na kipimo cha baada. Cheti cha tanuri kinaonyesha kwamba moto uliwashwa. Kiasi cha mkazo uliobaki hakimo ndani yake.

Wala kipimo cha chuma kimoja kisiazimwe kwa kingine. Vyuma vya zana vinavyoitwa marejingi, vinapopoa karibu na nyuzi 200, hubadilisha mpangilio wa fuwele zake na kutanuka kidogo, na kutanuka huko hulipa sehemu ya deni la kusinyaa. Chuma cha 316L hakina bahati hiyo. Aliyeona vifaa vya marejingi vikitoka bila kupinda, akahamisha mipango yake yote kwenye 316L, amebeba tumaini badala ya ushahidi.

Waliojenga lile daraja la Amsterdam walitupa mfano wa kufuatwa. Hawakuridhika na mchoro wala na uzuri wa kazi yenyewe. Wahandisi wa Imperial College London waliupima uwezo wa chuma kile kilichochapishwa, daraja likabebeshwa mzigo wa majaribio kabla mtu wa kawaida hajapita, kisha likafungwa vihisio vya kufuatilia mwenendo wake likiwa kazini. Walikiri kwamba chuma kipya kina tabia yake, na kwamba tabia haijulikani kwa kutazama.

Funzo langu ni kwa wanafunzi wa uhandisi na mafundi wanaokaribia kushika mashine hizi, na kwa mameneja watakaowahimiza wafanye haraka. Mkiletewa kifaa cha chuma kilichochapishwa, hata kikiwa kimenyooka kama rula, ulizeni maswali manne. Mkazo wake umepimwa kwa njia gani, na njia hiyo inafika kina gani? Umbali wa kuanzia umetoka kwenye chuma kipi? Nguvu za kuvuta na za kubana zinasawazishana? Na njia ya pili, isiyotegemea ile ya kwanza, inasema nini? Atakayeshindwa kuyajibu hajafanya dhambi, lakini kazi yake haijakwisha, na arudi akapime.

Pedali ya breki, kiungo cha kreni, vali ya boila: vyote hivyo siku hizi vinaweza kuchapishwa, na vyote hubeba uhai wa mtu ambaye hatauona kamwe mchoro wake. Kifaa ambacho mkazo wake haujapimwa kisikabidhiwe uhai huo.